Wa Tano Hakuitikia

Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kesi. Baba alitaka yaishe. "Nimerudi mzima, mwanangu, tuache," alisema, na mkono wake wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Mzima gani huyo! Nilimfokea, mimi binti yake wa mwisho, nikamwambia safari hii hatunyamazi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wangu wa pili kazini, na niliamini kila kilichoandikwa kwenye karatasi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini ya misako, askari wakikusanya wakimbizi wa Burundi walioishi vijijini nje ya kambi. Baba alizaliwa Makere, upande wetu wa mpaka, akalima Makere. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na Kiha chake, masikioni mwa askari wa kutoka mbali, ni Kirundi kitupu. Walimkuta njiani anatoka shambani, hana hata kipande cha karatasi. Akakaa mahabusu siku nne. Siku ya tatu askari mmoja alimvunja mkono kwa rungu kwa sababu hakutaja kambi aliyotoroka. Angetaja ipi?

Nilizunguka na malalamiko hayo wiki tano. Jalada lilikwenda Kibondo, likarudi Kasulu, nami nalifuata na vumbi langu. Hatimaye aliletwa mkaguzi kutoka mkoa mwingine, mtu mstaarabu, asiyejuana na yeyote pale. Akaniambia bila kuficha: baba asipomtambua aliyempiga, hakuna kesi. Shahidi mwingine hatukuwa naye.

Gwaride la utambulisho lilifanyika asubuhi, nyuma ya kituo cha polisi. Askari wanane walisimama mstari mmoja. Niliruhusiwa kusimama kando nitafsiri. Mkaguzi akasema, nami nikamwambia baba kwa Kiha: apite mbele yao, na akimwona mtu wake amguse begani. Njiani nilikuwa nimeshamwonya, "Uwe na adabu, wasije wakasema una chuki." Jamani, nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu.

Basi baba akaanza na wa kwanza. Akainama, akapiga makofi, kiganja kizima juu ya plasta, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. "Mwidiwe." Ndivyo tunavyosalimiana kwetu. Mtu mzima hamshiki mwenzake bega kabla ya salamu, na ukishasalimu unangoja uitikiwe. Wa kwanza akacheka, akaitikia. Wa pili akaitikia, na wa tatu. Wa nne alisema, "Shikamoo, mzee," akatazama chini.

Kwa wa tano baba alipiga makofi, akangoja. Akapiga tena. Yule askari alitazama juu ya kichwa cha baba, kwenye bati la paa. Baba akapiga tena, ko, ko, ko. Jasho lilimtoka, mkono ulikuwa unamuuma, niliona. Hakusogea.

"Anafanya nini?" mkaguzi aliniuliza.

Niliona aibu. Mwalimu mzima, nimevaa viatu vya kisigino, na baba yangu ameinama mbele za watu kama mshamba. "Anasalimia tu, afande," nikasema.

Mkaguzi akatazama saa, akamwambia asogee. Baba akasogea kwa sababu ameambiwa. Wa sita, wa saba na wa nane wakasalimiwa, wakaitikia. Mkaguzi akaandika kwamba mlalamikaji hakumgusa mtu yeyote, akanipa nisome. Nilisoma kama ninavyosahihisha madaftari. Hakukuwa na kosa hata moja. Nikaweka sahihi, mkalimani.

Sikulia. Tulitembea mpaka barabarani, tukakaa kwenye nyasi kungoja lori la Makere. Nilimenya ndizi, nikala, haikuwa na ladha yoyote. Nilingoja hasira zangu zije, maana mimi kwa hasira sijambo. Hazikuja. Mpaka leo hazijaja.

Baba alikuwa amechangamka. Alinigusa goti kwa ule mkono mzima.

"Umemwona wa tano?" akasema. "Ndiye. Ameshindwa hata kuniitikia, na wote wameona." Kisha akanigeukia. "Yule mkubwa wao ni mgeni, hajui mambo yetu. Lakini ulimweleza?"

"Nilimweleza, baba," nikasema.