Beseni Mlangoni

Jana tulitoka kuzika, tukarudi mtaani Tensta, huku ughaibuni, nyumbani kwa wafiwa. Mlangoni pa fleti yao waliweka beseni la maji yenye majani ya mlimao, tunawe kabla ya kuingia. Harufu ile ikanisimamisha palepale kwenye ngazi.

Utotoni tulikaa kota za gereza. Baba alikuwa askari jela. Asubuhi moja nilimkuta mama akiweka beseni kama hilo mlangoni petu, na mtaani hapakuwa na msiba.

"Mama, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Baba yako anakuja."

Lakini watoto wa jirani walishaninong'oneza kwamba alfajiri ile kuna mfungwa ananyongwa.

Baba akafika, akanawa polepole mpaka kwenye viwiko. Kisha akaninyanyua, kama kila siku, akauliza kama nimeshakunywa chai. Mikono yake ilikuwa bado mibichi. Maji ya mlimao yakanichuruzika shingoni, ya baridi.

"Watu wanangoja," binti yangu alininong'oneza kwa Kiswidi, nyuma yangu kwenye ngazi.

Nikainama, nikanawa. Nilipoinuka nikajikuta ninafuta shingo.