Mstari wa Juu wa Manila

Kwaya yetu haiimbi kutoka vitabuni. Tunaimba kutoka karatasi ya manila iliyopigiliwa misumari miwili ukutani, noti za solfa zimeandikwa kubwa ili hata aliyesahau miwani nyumbani azione. Mwandishi wa manila nimekuwa mimi tangu nikiwa msichana. Niliacha shule kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki na kuniachia wadogo watatu, lakini mwandiko wangu haukuacha shule.

Wimbo wa kwanza niliopewa kunakili ulikuwa wa bahari, uliotungwa na Mmarekani wa zamani. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona bahari. Tuliiwazia kama mashamba ya Mwea yaliyofurika maji, yasiyo na mpunga. Mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, alitueleza kuwa mtungaji alikuwa mzee mwenye ndevu, na tukaamini. Juu ya fotokopi palikuwa na jina lililofifia. Sikulinakili. Manila ilikuwa moja na noti zilikuwa nyingi, kwa hiyo nikaanzia ukingoni kabisa na ufunguo wa wimbo: Doh ni F. Ndivyo tulivyofanya na kila wimbo. Noti zilipanda ukutani, na jina lilibaki kwenye fotokopi.

Ile fotokopi niliihifadhi ndani ya Biblia ya mama. Pasaka iliyopita mdogo wangu anayenifuata, mwalimu wa muziki katika shule moja karibu na Kianyaga, aliikuta tukipukuchua maharagwe. Akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, kisha akaandika kitu kwenye simu.

"Maitu," aliniambia. Wadogo zangu huniita hivyo, mama, kwa mzaha usio mzaha. "Huyu mzee wenu wa ndevu alikuwa mwanamke."

"Ati?"

"Hapa mbele imefifia, lakini ni Mrs., yaani Bi. Jina lenyewe ni la bwana yake, lakini kazi ni yake."

Alinisomea maisha ya yule mwanamke huku maharagwe yakianguka nje ya ungo. Alizaliwa shambani. Mama yake alimfundisha kinanda, na chuo hakupelekwa, pesa ilienda kwa kaka zake. Akanunua vitabu vya muziki akajifundisha mwenyewe mezani jikoni. Wakubwa wa muziki walisema mwanamke anaweza vinyimbo vya sebuleni tu, lakini kazi kubwa ya okestra haiwezi kutoka kichwani mwake. Akaitunga, ikapigwa, wakaisifu kwamba imetungwa kiume. Alipokufa, karatasi zake zilikaa miaka mingi kwenye masanduku darini kwa jamaa zake.

Nilikuwa nikikumbuka ukingo wa manila. Wale wakubwa walikuwa mbali, lakini kule kwetu aliyelikata jina lake nilikuwa mimi.

Wakati huo mimi pia nilikuwa na wimbo. Natunga kazini, kwenye kiwanda cha kahawa, nikichambua kahawa kwenye meza za kuanikia. Mkono unatupa punje mbovu na kichwa kinatafuta alto. Wenzangu wa mezani huwa wa kwanza kuimba ninachotunga. Wimbo wangu wa mvua ya kwanza ulichaguliwa kwenda tamasha la kwaya mjini Nyeri. Jumamosi moja mchana, kabla ya mazoezi, niliiona fomu mezani kwa mwalimu. Penye mtungaji palikuwa na jina lake.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni fomu tu, mama. Waamuzi wanataka mtu ako na cheti. Wewe uko na cheti?"

"Niko na wimbo."

Akacheka, na besi wawili wa nyuma wakacheka naye. "Kwani jina itaimba? Utukufu ni wa Mungu."

"Basi andika Mungu."

Kicheko kilihamia kwa akina mama. Mwalimu alikunja uso, akasema fomu lazima iende Jumatatu na hakuna muda wa kiburi. Nikafungua manila niliyokuja nayo imeviringishwa. Safari hii nilikuwa nimeacha nafasi juu, kiganja kizima, na majina yangu matatu yalisimama pale kwa wino mwekundu. Chini yake: Doh ni F.

"Hiyo toa," alisema.

"Ikitoka, inatoka na noti zake."

Akashika kichuma chake kinachogongwa ili kwaya ipate sauti ya kuanzia, asikigonge. Tulisimama hivyo. Nilijua angeweza kunifukuza, na kwaya hii ndiyo kitu pekee nilichowahi kuwa nacho ambacho si mzigo wa mtu. Lakini nililea watoto watatu bila kumwomba mtu ruhusa. Nikajipatia sauti mwenyewe, nikaanza alto. Yule ninayekaa naye meza moja kiwandani akaingia, kisha alto wote, kisha soprano. Besi walichelewa, kama kawaida yao. Ubeti wa pili ulipofika, mwalimu alikaa, akaomba kalamu, akakata jina lake kwenye fomu. Hakunitazama alipoandika langu.

Nyeri hatukushinda. Mwamuzi mmoja alisema alto ni nzito mno, na nitaiacha hivyo hivyo. Ila kabla hatujaimba alisoma mtungaji kwa kipaza sauti, majina yote matatu, moja akalikosea, na mdogo wangu yule wa fotokopi, aliyekuwa kiti cha nyuma, akamsahihisha kwa sauti mpaka ukumbi ukageuka.

Jumatatu iliyofuata niliiteremsha manila ya bahari, iliyogeuka rangi ya chai. Juu hapakuwa na nafasi, nilihakikisha hivyo nikiwa msichana. Nikakata ukanda wa manila mpya, nikaugundisha kwa uji mzito wa unga, nikaandika jina la yule mwanamke: kwanza lake mwenyewe alilopewa na mama yake, halafu la bwana. Ukanda unaning'inia kidogo upande wa kushoto. Mwalimu amesema unaharibu ukuta.

Ukanda bado uko pale.