Nani Alimwamsha Ndege

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siipendi hata kidogo, na ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Nilikuwa nimesimama katika msitu wa Kerala, kusini mwa India, kamera shingoni, jasho linanitiririka, ruba wawili wameng'ang'ania kifundo cha mguu, na mimi nimefurahi ajabu. Usinicheke. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na wangu ulikuwa moshi wa pilipili.

Utauliza nilifikaje huko, mtoto wa Iringa. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa nimehamia Brussels, nikapata kazi katika nyumba ya kulelea wazee kule mtaa wa Uccle: kuogesha, kulisha, kutandika vitanda. Mzee wangu mmoja alikuwa padri Mbelgiji aliyekaa Katanga miaka mingi. Mkali huyo! Supu haikuwahi kumridhisha hata siku moja. Lakini alipenda ndege, na mikono yake ilipoanza kutetemeka alinikabidhi kamera yake. "Kamata weye," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Mikono yangu imechoka." Basi kila siku yangu ya mapumziko nikawa napanda tramu hadi mwisho wa njia, naingia msituni, narudi kumwonyesha nilichopata.

Rafiki yangu kazini alikuwa Lissy, muuguzi kutoka Kerala, tuliyekuwa tukila naye sahani moja. Mwaka mmoja akanialika likizo kwao. Baba yake tulimwita Appachan, maana ndivyo kwao wanavyomwita baba. Alikuwa mwembamba, msemaji wa maneno machache, na tangu Lissy hajazaliwa kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni kutazama ndege, kwa ruhusa ya ofisi ya msitu. Alikuwa akigusa kiwiko changu tu, ananyoosha kidole, na mimi naona kitu nilichokipita mara tatu.

Siku hiyo Lissy alikwenda kumsalimia shangazi yake, tukatoka mimi na mzee. Akanipeleka mahali ambapo, nilikuja kujua baadaye, hakuwa akipeleka wageni. Juu ya tawi jembamba alikaa ndege wa usiku, rangi ya jani kavu, mdomo mpana kama wa chura. Ni dume, na kwa ndege hao dume ndilo huatamia mchana. Chini yake palikuwa na kiota kidogo kuliko kiganja changu, na ndani yake yai moja. Appachan aliweka kidole mdomoni, kisha akanionyesha mahali pa kusimama.

Nilipiga picha arobaini. Zote macho yamefumba! Nikawaza, nitarudi vipi kwa Padri na ndege anayefanana na kipande cha gome? Mzee alipogeuka kutazama njia, nikapiga mluzi. Mfupi tu, mwanangu, wa kumwita mbwa. Ndege akafumbua macho makubwa ya manjano, akanitazama, nami nikabonyeza. Halafu akaruka kwa kishindo, tawi likatikisika, na yai likaanguka juu ya jiwe. Maji yakimwagika hayazoleki, na yai ndiyo usiseme.

Mlinzi kijana wa msitu alikuwa karibu, akaja mbio. Aliona ganda, akauliza kwa lugha yao. Sikujua neno hata moja, lakini nilimwona Appachan akigusa kifua chake, kisha koo, kisha akakohoa ili kumwonyesha. Nilielewa vizuri sana. Alikuwa anasema ni yeye aliyemshtua ndege kwa kikohozi. Nami nilisimama pale na kamera yangu, nikanyamaza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgeni wa kumponza mwenyeji. Nilikaa kwao siku nne zaidi, nikala wali wake na samaki wake, nikanywa chai yake, na kila nilipotaka kufungua mdomo nilijiambia, aah, mzee mwenyewe hajalisema, ya nini kulifukua?

Nikarudi Brussels. Picha ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Waliitundika ukutani katika ukumbi wa kulia chakula, wazee na wauguzi wakawa wanasimama na trei zao mkononi kuitazama. Wakiniuliza, nawaambia, "Aliamka mwenyewe, akaniangalia." Niliisema hiyo mara nyingi hadi ikaanza kunikaa mdomoni vizuri. Wakati huohuo Lissy alikuwa anapigiwa simu kutoka nyumbani: baba amenyang'anywa ruhusa ya kuongoza wageni msimu mzima. Vijana wa kijijini wanamtania, wanamwita mzee wa kikohozi. Lissy alilia mbele yangu, nami, Mungu anisamehe, nikamsugua mgongo nikimwambia pole. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kisha ikawa zamu yangu kumsukuma Padri kwenye kiti chake kwenda kula. Akaniambia nisimame mbele ya ile picha. Akaikodolea macho mpaka supu ikapoa, na safari hiyo hakulalamika.

"Binti, ile ndege inalalaka muchana," alisema. "Nani aliiamusha?"

Nilitaka kutoa ule wimbo wangu, haukutoka. Nikasema, "Mimi, Padri." Akauliza yai liko wapi. Nikamweleza yote, hadi kile kikohozi, nikilia mbele ya watu na kijiko chake mkononi. Hakunibembeleza.

"Yai haitarudia," alisema. "Lakini jina ya ule mzee, weye ndiye uko nayo. Murudishie."

Kumwambia Lissy ndiko kulikonishinda. Mara mbili nilifika mlango wa chumba cha kubadilishia nguo nikageuka. Mara ya tatu niliingia, nikasema kwa pumzi moja. "Ulinisugua mgongo," alisema, basi, akachukua koti lake. Tangu hapo alikula peke yake. Lakini barua yangu kwa ofisi ya msitu aliitafsiri, neno kwa neno, bila kupunguza aibu hata moja, tukaituma pamoja na picha. Macho yale ya manjano yaliyonielekea mimi, si mzee, yalikuwa ushahidi tosha.

Appachan alirudishiwa ruhusa yake, msimu ukiwa umeshakwisha. Baada ya siku chache Lissy alikuja, akaketi mezani kwangu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanipa ujumbe wa baba yake.

"Anasema alikuficha mbele ya mlinzi kwa kuwa ulikuwa mgeni. Alidhani utakiri mwenyewe kabla ya chai ya jioni. Siku zote nne alikuwa anakaa mezani hadi unamaliza kikombe chako, anakungoja."

Nilikuwa nikidhani ananiheshimu kwa kunisubiri nimalize kunywa.

Basi nisikilize, mwanangu. Kukosea utakosea, hilo wala silipigii kelele, nani asiyekosea? Bali mtu mwingine akiinama kuubeba mzigo wako, usimshukuru kimoyomoyo ukapita. Uchukue siku ileile, mchana kweupe, hata kama mikono inakutetemeka. Mtu mwema akikunyamazia usidhani amesahau. Mara nyingi anakungoja, na kila siku unayokaa kimya ndiyo inayomuumiza kuliko kosa lenyewe. Na ukiona kitu kizuri kimelala, kitazame kikiwa kimelala. Si lazima kikutazame na wewe.

Mungu akupe jicho la kuona na subira ya kutogusa. Makosa yako yawe madogo, ulimi wako uwe mwepesi kuyataja, na asiwepo mzee popote duniani anayekungoja mezani. Amina.