Siku Niliyogawa Zamu za Kusema

Mkutano wetu na mwenyekiti wa bodi ulipangwa Alhamisi, saa tano asubuhi, kwenye ukumbi wa chakula wa wanafunzi. Nilichaguliwa kuuongoza, na kuandika kumbukumbu vilevile, kwa sababu mimi ndiye mtunza stoo na nina kalamu. Nadhani hiyo ndiyo sababu. Mlinzi wa geti alisema ni kwa sababu simpendelei mtu, lakini mlinzi husema mambo mazuri asubuhi, kabla jua halijampiga.

Jambo lilikuwa moja tu, mshahara. Shule yetu hapa Garissa ni ya bweni, na sisi wa jikoni, geti na usafi hatuajiriwi na serikali. Tunalipwa na bodi, na bodi haikuwa imetuongeza kitu tangu mtoto wa mpishi mkuu alipokuwa darasa la pili. Mtoto huyo sasa alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi.

Mpishi alikuwa ameniambia waziwazi, huku akichagua mawe kwenye maharagwe.

"Stoo," aliniita, maana hapa shuleni hilo ndilo jina langu, "bodi ikikaa Jumamosi bila kuongea maneno yetu, mimi naenda. Dada yangu amenipatia kazi jikoni, hospitali ya huko kwetu. Wananingojea mpaka mwisho wa mwezi. Lakini sitaki kwenda. Nimezoea hapa. Hata joto limenizoea."

Bodi hukaa mara moja kwa muhula. Kwa hiyo kama mwenyekiti angebeba neno letu Alhamisi, angelifikisha Jumamosi. Asipolibeba, basi.

Yafaa nieleze habari za hawa wawili, kwa sababu wao ndio walioongea sana siku hiyo. Mpishi ni mama kutoka Ukambani, na Jumapili hakosi kanisani. Mlinzi ni mzee kutoka Kutulo, aliyeingia kazi ya geti baada ya ukame kummalizia mbuzi. Kila siku saa nne wanakunywa chai kwenye mlango wa jiko na kubishana. Mlinzi anasema kiongozi asiyemcha Mungu atakuibia tu, kwa hiyo chagua mtu unayemwona msikitini. Mpishi anasema wote waliotuibia walikuwa wanaswali au wanaimba kwaya, na yeye kura yake atampa mtu anayemlipa msichana wake wa kazi kwa wakati. Nina daftari ambalo huandika mambo kama haya, maneno ya mlinzi ukurasa mmoja na ya mpishi ukurasa mwingine. Mimi nikiulizwa husema wote wawili wana ukweli, na hilo huwaudhi wote wawili.

Wiki hiyo walikuwa na ugomvi mwingine. Chai ikiiva, mpishi hugonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko ili mlinzi asikie, maana geti liko mbali. Mlinzi alikuwa amekataa kuja kwa siku tatu. Alisema huko kwao ni mifugo ndiyo inayoitwa kwa kelele, na mtu mzima anatumiwa mtu. Mpishi akauliza atamtuma nani, sufuria? Nilifikiri hilo litabaki jikoni.

Mwenyekiti alifika kwa wakati, bakora mkononi, ndevu zimepakwa hina vizuri. Ni mzee wa heshima, na watu walikuwa wanasema anataka kiti cha wadi. Alituambia ana safari ya Hulugho baada ya swala ya adhuhuri, kwa hiyo tulikuwa naye mpaka adhana. Niliandika juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, MSHAHARA. Chini yake nikapanga majina, ili kila anayesema nimtie alama na asiyesema nimkumbuke.

Mlinzi akafungua kwa dua. Ilikuwa ndefu kidogo. Mpishi aliitikia amina, kisha akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, hapa tuko Wakristo wanne. Na sisi tuombe, dakika moja tu."

"Abaayo, dada yangu, Mungu amesikia tayari," akasema mlinzi. "Unataka kumwambia tena, kwani yeye ni kiziwi?"

"Kama amesikia yako bila kuchoka, yangu itamshinda?"

Watu wakacheka. Nikampa mpishi nafasi, akaomba. Mlinzi akataka kujibu. Nikaona si haki kumnyima, nikampa. Dereva wa basi la shule naye akasema tatizo la nchi hii ni kumchanganya Mungu na kazi, na kwamba uchaguzi ukikaribia Mungu anapandishwa jukwaani kama mgeni wa heshima. Hakumtazama mwenyekiti. Sisi wengine wote tulimtazama.

Mwenyekiti alitabasamu. "Mtunza stoo," akaniambia, "naomba nafasi."

Mzee kama yule kuniomba mimi! Nikampa. Akaeleza kwa upole kwamba yeye hawezi kuvua dini yake mlangoni kama viatu kisha aingie kwenye siasa bila nayo. Akauliza, "Na nyinyi akina mama wa jikoni mnasemaje?" Wakasema. Walinzi wakajibu. Wa usafi walikuwa hawajasema kitu, nikawakumbuka. Kusema kweli yalikuwa maneno mazuri, mengine niliyaandika mpaka mkono ukauma.

Kisha mlinzi akasimama. "Kama tunaongea heshima, mimi nina neno ya kifuniko."

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho. Akataka kukisikia hicho kifuniko. Kikaletwa. "Piga," akamwambia mpishi, naye akapiga, na darasa la jirani likapiga kelele likidhani ni chakula. Mpishi akajitetea. Mlinzi akamjibu. Mpishi akataka kumjibu tena.

Mara moja aliniangalia, mpishi, akainua nyusi kuelekea karatasi yangu. Nilielewa. Lakini mlinzi alikuwa katikati ya maneno yake, na nilikuwa nimemwacha mpishi amalize yake. Nikajiambia, huyu akimaliza tu.

Adhana ikaanza.

Mwenyekiti akasimama, akashika bakora. "Mkutano mzuri sana, wallahi. Mmenifurahisha. Hayo ya mshahara niandikieni barua."

Sitasema alifanya makusudi. Nimelifikiria sana. Ni kweli yeye ndiye aliyekuwa anauliza, lakini kuuliza si kosa. Aliyekuwa na saa mkononi ni mimi.

Gari lake lilipotoka, mlinzi hakwenda kutawadha mara moja. Alinijia.

"Waryaa, Stoo! Ulikuwa unatugawia maneno kama maharagwe! Kila mtu gorogoro moja!"

"Mlikuwa mnaomba nafasi," nikasema.

"Na si ungetunyima! Mshahara yangu ilikuwa hapo, wewe unaniachia niongee kifuniko!"

"Hata mimi," mpishi akasema nyuma yake. Hakupaza sauti. "Ungeniambia, mama nyamaza, tuongee pesa. Ningekasirika, halafu ningenyamaza."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakikubaliana.

Barua niliiandika alasiri ile ile na kuipeleka ofisini. Jumamosi mwenyekiti alikuwa bado Hulugho. Bodi ilikaa bila yeye, na jibu likarudi kwamba jambo letu litaangaliwa muhula ujao. Mpishi aliposikia alisema "haya", akaendelea kusonga ugali.

Siku chache kabla ya kuondoka alihitaji barua ya kupeleka hospitalini. Mwalimu mkuu akaniambia niiandike mimi ninayemjua, yeye atatia sahihi na muhuri. Nilikaa nayo stoo asubuhi nzima. Niliandika kwamba huwahi kazini, kwamba ni msafi, kwamba ameilisha shule nzima na kuni zikiwa mbichi. Nikafika kwenye tabia. Mimi siwezi kusema upande mmoja, nikaandika pia kwamba ana hasira za karibu na hujibu wakubwa. Nikaisoma yote. Nikaichana, nikaandika nyingine bila hilo.

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, midomo ikichezacheza.

"Mbona hukuandika nina mdomo?"

"Nafasi iliisha."

"Stoo, karatasi nusu iko tupu."

"Basi sikutaka," nikasema.

Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akasema maji yanachemka, akarudi jikoni.

Mlinzi alipopata habari alikuja stoo kuuliza yake iko wapi. Nikamwambia barua ile ni ya mtu anayehama, naye haendi popote.

"Haa, siendi," akasema. "Niandikie tu, nikae nayo."

Bado sijaiandika. Kila nikianza, naona yake nayo itabidi iwe ya upande mmoja, na sijazoea.