Kompyuta ya kanisa iliyokuwa inakula salamu yangu kuanzia herufi ya 22

Wakuu, amani iwe kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjaziandika. Marahaba.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mzee wa kanisa, naishi Kolandoto. Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe na mashahidi wapo. Mmoja ni mke wangu, Mama Neema, ambaye hajawahi kunifichia aibu hata siku moja.

Wenzangu wakistaafu hufuga kuku. Mimi kuku walinishinda, nikaanza kujifunza kuandika operating system (OS), ile programu mama inayoiendesha kompyuta. Ndogo, ya kujifurahisha, lakini yangu tangu mstari wa kwanza. Kompyuta inawashwa, inaamka, haina chochote ndani isipokuwa ulichoandika wewe. Kwa mtu aliyefundisha hesabu miaka yote hiyo, ni utamu ambao siwezi kuueleza.

Sasa, kanisani kwetu kuna kompyuta ya zamani tuliyopewa. Nzito kama jiwe la kusagia, disk yake imekufa, programu za siku hizi haiziwezi. Baraza la wazee likaamua iuzwe chuma chakavu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema nipeni hadi Jumapili ya mavuno, nitaiandikia OS inayowaka kutoka kwenye flash na kufanya kazi moja tu: kuonyesha namba za nyimbo kwa herufi kubwa mbele ya kanisa.

Kwa nini namba za nyimbo? Kwa sababu ya Mzee Masanja.

Masanja ni mzee mwenzangu, msimamizi wa mali za kanisa. Macho yake yamepungua sana. Ule ubao mdogo wa namba haoni. Nyimbo anazijua, ila mpaka agundue tunaimba upi, ubeti wa kwanza umekwisha. Hajawahi kulalamika. Anakaa tu ameshika kitabu kilichofungwa. Jambo hilo lilikuwa linanichoma.

Na Masanja huyohuyo ndiye aliyepewa kazi ya kuwaita wanunuzi wa chuma. Wangepita Jumatatu baada ya mavuno.

Nikaandika. Nikajaribu kwanza kwenye emulator, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptop yangu. Ikawaka vizuri. Nikamshukuru Mungu, nikahamishia kwenye flash, nikaichomeka kwenye ile nzito.

Kioo kikaandika:

MUNGU NI MWEMA KILA W?

Halafu ikajizima na kujiwasha upya. Ikaandika tena. Ikajizima tena. Hivyo hivyo bila kuchoka.

Hapa nieleze kitu. Mimi nimelelewa kwamba kazi yoyote inaanza kwa jina la Mungu. Barua, hotuba, hata daftari la shamba. Kwa hiyo kwenye programu yangu, kitu cha kwanza kabisa baada ya baiti tatu za lazima za kuanzia, kabla ya amri yoyote ya maana, niliweka salamu: MUNGU NI MWEMA KILA WAKATI. Nyuma yake tu nikaweka namba inayoiambia kompyuta isome vipande vingapi kutoka kwenye flash, ndipo amri zenyewe zikafuata.

Kwenye emulator salamu inatoka nzima. Kwenye mashine halisi inakatika, tena kwa alama ya kuuliza!

Nikabadilisha flash. Vilevile.

Nikachomoa RAM, ile kadi ya kumbukumbu, nikaisugua kwa kifutio cha penseli. Vilevile, ila sasa na vumbi puani.

Nikarudisha flash kwenye laptop nikasoma baiti moja baada ya nyingine kwa kalamu nyekundu, kama nilivyofundishwa kusoma Maandiko chuo cha Biblia: usiruke hata neno dogo. Salamu ipo, nzima. Herufi zote 26, ukihesabu na nafasi kati ya maneno.

Hapo udadisi ukanishika kweli. Kwenye flash maneno yapo. Kwenye kioo hayapo. Yanapotelea wapi?

Nikatoa salamu, nikaweka herufi A ishirini na sita. Mungu anisamehe. Zikatoka A ishirini na moja na alama ya kuuliza. Kumbe mashine haina ugomvi na maneno. Ina ugomvi na mahali.

Nikatazama jedwali la herufi. Ndani ya kompyuta kila herufi ni namba, na alama ya kuuliza ni 63. Nikaandika 63 kwenye karatasi, nikaizungushia duara. Mama Neema akapita, akatazama.

"Hiyo ndiyo miaka uliyobakiza ya kukaa na hilo dude mezani kwangu?"

Nikarudisha salamu mahali pake, maana nafsi ilikuwa inanisuta.

Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya mavuno, Masanja akaja, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, Baba Neema. Nimekuja kukiaga chuma."

Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasoma polepole. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mungu ni mwema kila... halafu anauliza! Baba Neema, mzee wa kanisa mzima, umeifundisha mashine mashaka?"

"Siyo mimi. Kwenye flash maneno yapo yote. Hapa katikati yanaliwa."

"Yanaliwa siku zote mahali palepale?"

"Palepale."

Masanja alichimba dhahabu Segese miaka mingi kabla hajaokoka. Akasema maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya Biblia yangu.

"Mwizi hachukui mahali palepale kila siku. Huyo ni mwenye shamba. Sisi mifuko ya mawe ikitoka shimoni, kabla hatujagawana, mwenye shamba anachukua ya kwake. Tena ana mahali pake, kila mtu anapajua. Ukija mgeni ukapanga mifuko yako hapo, ataibeba, na hakuna wa kumlaumu. Sasa humo ndani mwenye shamba ni nani?"

Wakuu, nilisimama.

Mwenye shamba ni BIOS. Ile programu iliyomo kwenye mashine tangu kiwandani, inayoamka kabla ya OS yoyote. Hiyo ndiyo inayochukua mwanzo wa flash na kuuweka kwenye kumbukumbu.

Nikarudi kwenye maelezo ya kiufundi, safari hii natafuta haki za mwenye shamba. Nikazikuta. Mwanzoni mwa flash, baada ya baiti tatu za kwanza, kuna eneo ambalo kwa desturi huandikwa vipimo vya disk. Baadhi ya BIOS zikiwaka kutoka kwenye flash zinajaza vipimo zenyewe palepale kwenye kumbukumbu, bila kukuuliza. Kipimo kimoja ni idadi ya vipande kwenye kila mzingo wa disk. Kinakaa hasa pale ilipo herufi yangu ya 22.

Na thamani yake? 63.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mashine haikuuliza chochote. Iliandika kipimo chake, mimi nikakisoma kama herufi. Baada ya hapo ikaandika masifuri, yakaikata salamu, yakafunika na ile namba ya vipande vya kusoma. Ikawa inasoma sifuri, inarukia mahali patupu, inaanguka, inajiwasha upya.

Dawa ilikuwa rahisi: mwanzoni niruke moja kwa moja, baiti tisini za kwanza nimwachie mwenyewe, vitu vyangu vianzie baada ya hapo.

Lakini sitaficha, nilisita. Kuondoa jina la Mungu nafasi ya kwanza? Nikamwambia Mama Neema.

"Baba Neema, wewe kila Jumapili ukipata kiti cha mbele unampisha mgeni. Leo unadhani Mungu atagombania kiti na BIOS?"

Nikahamisha.

Ikawaka.

Nilifanya na badiliko moja dogo ambalo sikumwambia mtu. Jumapili ya mavuno, katikati ya mahindi, mtama na mbuzi wawili waliofungwa mlangoni, nikawasha kompyuta mbele ya kanisa. Kioo kikaandika kwa herufi kubwa:

MUNGU NI MWEMA

Basi. KILA WAKATI nilikuwa nimeifuta.

Halafu kutoka benchi la tatu, sauti ya Masanja, peke yake:

"KILA WAKATI!"

Alikuwa amesoma mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake. Ikafuata namba ya wimbo, na kitabu chake kikafunguka pamoja na vya wenzake.

Jumatatu wanunuzi walipofika, Masanja aliwapa mabati mawili yenye kutu akawaaga.

Nilichojifunza: kitu kikiharibika mahali palepale kila mara, usikimbilie kusema kimeharibika. Uliza kwanza nani alikuwepo hapo kabla yako.

Sasa wataalamu mnisaidie. Flash ileile ya zamani, yenye kosa, nimeijaribu kwenye kompyuta ya katibu wetu, na salamu imetoka nzima. Kwa nini mwenye shamba mmoja anadai chake na mwingine hadai? Mwenye kujua aandike hapo chini taratibu, mzee wenu ana kalamu nyekundu na muda wa kutosha.