Kiti Kilichorudi

Tangu karakana ile ya viti ifunguliwe, hakuna kiti kilichotoka mlangoni kabla ya kukaliwa na fundi mkuu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao, na familia iliuonea fahari kama wengine wanavyozionea fahari shahada za watoto wao. Fundi mkuu alikuwa pande la mtu ambalo hata mkewe alikuwa ameanza kuliita Kipimo. Hujifuta vumbi la mbao mikononi, hukishukia kiti taratibu, hujiegemeza, kisha hufumba macho. Karakana nzima hunyamaza. Akiridhika husema neno moja tu: "Kimeiva." Hapo ndipo chuma cha chapa kinapopashwa moto na jina la familia likachomwa chini ya kiti.

Nyuma ya karakana, ukilipita pazia la turubai, walikaa wanawake walioshona vitambaa vya kuvalisha viti. Mmoja wao waliyemwita Sindano alikuwa mfupi, mwembamba, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Karakana ile ilikuwa ya marehemu baba yake, na baba huyo alimfundisha kushika msumeno kabla hajajua kushika kalamu. Baada ya msiba, funguo zilikwenda kwa shangazi yake, naye shangazi akampeleka nyuma ya pazia.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Shangazi alikuwa mwanamke aliyesoma, anayenyoosha mgongo hata akiwa peke yake chumbani, na kila alilolitenda alilipima kwanza kwa jina la familia. Kwa hiyo benchi moja la mbele lilipobaki wazi, fundi wake akiwa amehama, na Sindano akaja kuliomba, jibu lilikuwa tayari.

"Watu watasema tumeishiwa mpaka tunawatoa mabinti zetu kupasua mbao."

"Shangazi, mimi nina watoto wawili. Ubinti uliniaga zamani, wala haukuacha anwani."

Shangazi alitaka kucheka, akajizuia. Benchi likaendelea kukaa tupu, na kila Sindano alipolipitia alilipapasa kama mtu anayempapasa mbuzi wa jirani.

Ndipo likaja agizo la duka kubwa la mtaa wa pili. Makeshia wa pale, wote wanawake, walikuwa wakifanya kazi wima tangu duka lifunguliwe mpaka lifungwe, hadi walipoungana na kumwambia meneja kwamba wao wana miguu, si nguzo. Meneja alikubali kwa shingo upande kuwanunulia viti virefu. Akataka kwanza kimoja cha kujaribia. Kipimo alikiunda mwenyewe, akakikalia mwenyewe, akasema kimeiva. Chapa ikachomwa, kiti kikaenda.

Wiki haikwisha kiti kikarudi, kimelazwa juu ya mkokoteni mchana kweupe. Meneja alituma salamu kwamba wasichana hawakukitaka, wanasimama vilevile, na kama mambo yenyewe ni hayo basi viti havina haja. Shangazi aliamuru kifunikwe gunia upesi majirani wasije wakakiona. Kikalala pale kwenye kona kama maiti isiyo na ndugu.

"Kiti hakina kosa," alisema Kipimo, sauti imemshuka. "Hao ndio hawajui kukaa."

Nyuma ya pazia wanawake walicheka mpaka mikasi ikawaponyoka. Sindano peke yake hakucheka. Alivua aproni, akaenda dukani kuuliza.

Keshia aliyempokea alikuwa mama mfupi mwenye mwanya, wenzake wakimwita Mama Risiti. Alieleza huku mikono yake ikiendelea kupitisha sabuni na unga mbele ya mteja. Ukikaa kwenye kile kiti, alisema, miguu inaning'inia kama nguo kwenye kamba, ukingo unakata mapaja mpaka ganzi inapanda, na ukitaka kujiegemeza unalala chali.

"Egemeo lenyewe liko mbali kama ndugu aliyetajirika," alisema. "Na meneja wetu anasubiri tu tuseme viti hatuvitaki. Hatutasema, mdogo wangu. Lakini hicho chenu hapana."

Sindano alichomoa utepe wake wa kushonea, akampima Mama Risiti kutoka goti hadi kisigino, na kutoka kiunoni hadi gotini, wateja wakitazama. Mmoja aliuliza kama ni gauni la harusi. Mama Risiti akamjibu kwamba ni la talaka, anaachana na kusimama.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa shangazi yake kuomba mbao. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa alichoachiwa na babaye, amejinyoosha kama kawaida. Sindano akiwa katikati ya maelezo, utepe ulimponyoka, akainama kuuokota. Chini ya meza aliona kasha la misumari limefunikwa kitambaa cha kudarizi, na juu ya kitambaa, alama mbili za viatu zilizochakaa. Aliinuka na utepe wake, akaendelea kueleza kama hakuona kitu.

Kiti kilichorudi kilikuwa kinamnyima Shangazi usingizi. Mwisho akasema, "Tengeneza kimoja. Kikipita, benchi ni lako. Kikishindwa, unarudi kwenye cherehani na neno benchi sitaki kulisikia tena. Na utaratibu ni uleule. Kipimo lazima akikalie."

Sindano alifanya kazi kwenye lile benchi tupu, lililokuwa refu kwake hata akalazimika kusimama kwa ncha za vidole ili randa ifike. Mafundi walimtania kwamba anacheza dansi. Aliwajibu kwamba anayelipa muziki ndiye yeye. Kiti chake alikifanya kifupi kuliko cha Kipimo, akalisogeza egemeo mbele, pembeni akakiwekea mikono, na chini akaweka ubao wa kukanyagia, akausugua kwa msasa mpaka ukateleza kama sahani.

Siku ya kukikalia, wanawake walilifungua pazia na kusimama mlangoni. Kipimo alijifuta mikono, akashuka. Magoti yakampanda kifuani. Akawa kama mtu anayeoga kwenye beseni. Alifumba macho kwa uaminifu kabisa, akajiegemeza, akafumbua. Aliposimama kiti kilisimama naye, kimemkamata nyonga, na mafundi wawili wakaja kumkomboa huku mbavu zikiwauma kwa kucheka.

Yeye hakucheka. "Mbao zimeungwa vizuri, sitasema uongo," alisema. "Lakini nimekikalia, na hakijaiva."

Kicheko kikakatika. Sindano alitazama benchi, akatazama pazia. Angeweza pale pale kulitaja kasha na zile alama za viatu, na hakuna ambaye angembishia. Lakini huyo alikuwa dada wa baba yake, na watu walikuwa wengi.

"Shangazi," alisema kwa upole, "naomba ukikalie wewe."

Hakuna aliyewahi kumwona Shangazi amekaa kwenye karakana. Alimtazama mtoto wa kaka yake usoni, naye hakukwepesha macho, na Shangazi akaelewa kwamba ameshaonwa, na kwamba siri yake imetunzwa. Alikusanya pindo la gauni, akaketi. Miguu yake ikatua kwenye ubao. Mgongo ukagusa egemeo. Mabega yake, ambayo watu wote walidhani yameumbwa vile, yakashuka polepole.

Alikaa mpaka mafundi wakaanza kukohoa. Halafu akainuka, akaingia ofisini, akatoka amelibeba kasha la misumari mikononi mwake mwenyewe, na kitambaa chake juu.

"Kiti cha ofisini alikitengeneza baba yangu, na nimekiheshimu," alisema. "Lakini tangu nikikalie, miguu yangu inafika hapa, haifiki sakafuni. Nilidhani kosa ni langu." Akamgeukia Kipimo. "Pasha chuma. Kimeiva."

Kipimo alikuna kichwa. Akauliza, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, kama yeye sasa hana kazi. Shangazi akamwambia viti vya watu wa saizi yake bado ni vyake, hajafukuzwa, ila kuanzia leo wakaliaji ni wawili, na wa pili atakuwa mwanamke, naye atapangiwa mshahara. Mlangoni wanawake wote wakainua mikono kwa pamoja.

Kiti kilikwenda dukani, hakikurudi. Kilichorudi ni Mama Risiti, mapumziko ya mchana, kuhimiza vya wenzake.

Asubuhi iliyofuata Sindano alikuta benchi lake limepinduliwa, miguu juu. Alidhani wanaliondoa. Kisha akamwona Kipimo amechuchumaa pembeni, msumeno mkononi na penseli sikioni.

"Simama hapa wima, acha dansi," alisema, akimpa penseli. "Nionyeshe nikate wapi."