Picha ya Nyumba ya Bibi

Harufu ya samli ikinipata popote, hata jikoni kwa watu, naikumbuka siku ile ya picha. Bibi alinipaka samli kuanzia kwenye paji la uso hadi vidoleni, nikang'aa kama sufuria mpya, na nzi wote wa kijiji wakanipenda.

Nilikuwa na miaka minane. Ninyi wa kwetu Tarime mnaijua nyumba ntobhu. Wengine niwaambie tu kwamba Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akamwoa mama yangu, ili watoto wa mama wawe wa nyumba yake. Mwanamume aliyenizaa, Chacha, hakuwa na haki juu yangu. Lakini mwaka ule alianza kunidai, maana binti ni mahari ya kesho, na wazee walikuwa wameitisha kikao.

Bibi akamwita Marwa, mpiga picha wa mtaa wa Turwa, naye akafika asubuhi. Aliniruhusu nichungulie kwenye kamera yake. "Kinachoonekana humu ndicho kitakachotoka," aliniambia.

Alikuwa hajamaliza kutupanga Chacha alipoingia uani na kaka zake wawili, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama. Na mimi nasimama hapo. Wazee waione familia yangu."

Bibi akajiweka sawa kwenye kigoda chake. Nikaogopa kwamba fimbo zitainuliwa. Marwa aliwatazama wale watu, kisha akamgeukia Bibi.

"Baba wa nyumba hii ni nani?"

"Ni mimi. Ng'ombe zilitoka kwangu."

"Sawa. Mura," Marwa alimwita Chacha, yaani kijana kwa kwetu, "wewe ni mrefu, simama mwisho kule usiwazibe wenzako."

Chacha akasimama, kifua mbele. Marwa akapiga goti mbele ya kigoda cha Bibi, akaielekeza kamera juu usoni kwake, halafu akaisogeza polepole, mbali na Chacha. Nikajua anamwacha nje. Nilitaka kupiga kelele, kwa sababu na mimi nilitaka baba kwenye picha kama wenzangu. Kidole gumba cha Bibi kikazama begani kwangu. Nikatazama kamera.

Kacha!

"Imetoka?" Chacha aliuliza.

"Imetoka vizuri."

Kwenye kikao ni Chacha mwenyewe aliyetaka picha itolewe. "Picha haidanganyi," alisema. Bibi akalifungua fundo la kanga yake, akaitoa picha, ikapita mkono kwa mkono. Bibi alikuwa amejaa katikati, mkubwa kama kilima, mimi magotini pake, mama nyuma yetu.

"Mura, wewe uko wapi hapa?" mzee mmoja aliuliza.

Walicheka mpaka Chacha akaondoka. Nikabaki wa Bibi, akanisomesha, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Picha ninayo. Miaka mingi nilimtazama Bibi tu, nikisifu ujanja wa lile goti la Marwa. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ndipo nilipomtazama mama, na ikaniuma. Haangalii kamera. Amegeuza uso pembeni, upande aliosimama Chacha, pale picha inapoishia, na anatabasamu kidogo. Wazee walibishana siku nzima mimi ni wa nani. Hakuna aliyemuuliza mama yeye alimtaka nani.